Dishi la Kumtazamia Baba

Kiwandani walimwita Mizani, kwa kuwa miaka kumi na miwili alikaa kwenye kibanda cha vioo kando ya mizani ya malori, akipima saruji iliyotoka na makaa yaliyoingia. Alikuwa mtu wa maneno machache na kichwa kigumu. Dereva akibisha kuwa hakuzidisha mzigo, Mizani humwonyesha tarakimu kwa kidole na kuendelea kunywa chai yake. Kwao kulikuwa safari ya siku mbili kwa basi, na hakuwa amekanyaga huko kwa miaka mitano.

Mama yake alipofariki, mdogo wake, dereva wa lori la maji, alimpigia simu mara kumi na moja siku moja. Ilikuwa wiki ambayo Mizani angepandishwa kuwa mkuu wa zamu, na meneja alikwisha kusema kwamba atakayeondoka asitegemee kukuta kiti chake kitupu. Mizani akabaki. Baada ya mazishi baba yake alimpigia, akasema maneno machache tu:

"Umepima, ukaona kazi nzito kuliko mama yako. Haya."

Simu ikakatwa. Tangu hapo kila mmoja alingoja mwenzake aanze, na wote wawili walitoka ukoo mmoja wa vichwa vya mawe.

Baba huyo alikuwa mtunza vifaa wa timu ya mji wao. Miaka thelathini na minne alifua jezi za kijani na nyeusi, akashona vifungo, akabeba ndoo ya maji kuwakimbilia walioumia. Wachezaji walimwita Babu Jezi. Mizani alikulia katika chumba cha vifaa, akilala juu ya magunia ya mipira, na mapenzi ya timu ile yalimwingia kama maradhi ya kurithi. Wenzake kiwandani waligombania ligi za ng'ambo. Yeye aliuliza matokeo ya kwao, ambayo hata redio haikujisumbua kuyasoma.

Siku moja alipeleka redio yake kwa fundi wa sokoni, mwanamke mnene mcheshi aliyejulikana kama Mama Mawimbi. Katika mazungumzo akataja kwao. Fundi akaweka bisibisi chini.

"Kwenu si wana stesheni yao ndogo? Imepanda setilaiti mwezi uliopita. Inaonyesha mechi za kwenu zote za nyumbani. Unahitaji dishi la futi sita na king'amuzi kisicho na kadi. Bure."

"Bure kabisa?"

"Huko angani bure. Huku chini utahangaika mwenyewe."

Mizani alinunua dishi kuukuu lenye kutu pembeni, akalibeba kichwani hadi nyumbani, watu njiani wakimwuliza kama anakwenda kuoga humo. Fundi alikuwa amemwonya kwamba kwanza nguzo isimame wima, maana ikiinama kama mlevi, hata ufanye nini hupati kitu. Hilo halikumshinda, kunyoosha vitu ndiyo kazi iliyompendeza. Alimwaga zege, akapima kwa timazi, akafunga dishi, akavuta kebo hadi sebuleni. Kisha akashika spana, na mkewe, muuguzi wa zahanati, akakaa mbele ya televisheni amsomee vipimo vya mawimbi kupitia dirisha.

"Nguvu tisini!" mkewe akapaza sauti.

"Na ubora?"

"Sifuri."

Wakashinda hivyo Jumamosi nzima. Sifuri, sifuri, bado sifuri. Mkewe akaanza kuchambua mchele mapajani huku akisoma. Jioni Mizani akampigia fundi, naye akacheka mpaka akakohoa.

"Nguvu ni kelele tu, kaka. Kelele hata sufuria ina. Wewe tafuta ubora. Na usilivute dishi kama unavuta ng'ombe. Dishi linataka adabu. Lisogeze upana wa ukucha, ungoje, kisha ukucha mwingine."

Jumapili kabla ya saa sita, ukucha wa ishirini na ngapi sijui, mkewe akapiga kelele: "Arobaini! Hamsini na mbili! Usiguse! Kuna watu!"

Mizani akateremka ngazi mbiombio. Kwenye kioo kulikuwa na mtangazaji mwenye koti kubwa kuliko yeye, akisoma bei za vitunguu kwa lafudhi ya kwao. Mizani alikaa chini na spana mkononi, akasikiliza bei za vitunguu mpaka zikaisha.

Mechi ya kwanza ilikuwa alasiri ya wiki iliyofuata. Mkewe alidhani anatazama mpira. Kumbe macho ya Mizani yalikuwa pembeni mwa uwanja, kwenye benchi. Dakika ya kumi na saba beki akaumia, kamera ikafuata, na mtu mmoja aliyepinda mgongo akaingia na ndoo.

"Yule si baba?" mkewe akasema.

"Ndiye."

"Amekonda! Mpigie."

"Nitampigia ligi ikiisha."

"Ligi ina uhusiano gani na kumpigia mzazi?"

Moyoni Mizani alikuwa amepata alichokitaka: kumwona baba yake bila kumwomba radhi. Ni kama mtu anayechungulia dukani kwa dirisha, hana haja ya kumsalimia mwenye duka.

Ikawa desturi yake. Mechi ya pili alimwona akigawa vizibao. Ya tatu alimwona amekalia sanduku la barafu, mkono kifuani, akitazama moja kwa moja kamera ilipokuwa. Ya nne beki mwingine alianguka, na Babu Jezi hakukimbia. Alitembea, na nusu ya maji yakamwagika kabla hajafika. Mtangazaji akatania kwamba babu anamwagilia nyasi. Mizani alicheka kidogo. Mkewe hakucheka.

"Miguu ile imevimba," alisema. "Kazi yangu ni hiyo, naijua. Mpigie leo."

"Nimesema nitampigia."

Mechi ya tano ndoo ilibebwa na mtu mwingine. Mizani akajiambia mzee amepumzishwa, na kweli umri wake ulitaka mapumziko. Simu ilikuwa juu ya meza. Aliichukua, akalitafuta jina, akalitazama, akairudisha.

Mechi ya sita wachezaji walitoka na vitambaa vyeusi mikononi. Hawakukimbia kwenye nafasi zao. Walisimama mstari mmoja katikati ya uwanja, wakainamisha vichwa. Kwenye kioo ikatokea picha ya baba yake, ile ya kitambulisho cha klabu, na mtangazaji, sauti ikiwa chini, akasema taifa zima la kijani na nyeusi linasimama dakika moja kumkumbuka Babu Jezi, aliyezikwa Jumatano.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji. Alilitua sakafuni taratibu. Uwanja mzima ulikuwa kimya, na sebule kimya, mpaka refa akapuliza kipenga na watu wakaanza kushangilia. Mizani alimpigia mdogo wake. Iliita kwa muda mrefu.

"Umejuaje?" mdogo wake akauliza, bila salamu.

"Nimeona kwenye televisheni."

"Basi umejua kama wanavyojua mashabiki wengine."

"Kwa nini hamkuniambia? Mimi ndiye mkubwa! Baba anazikwa mimi nipo hai, napima malori!"

"Alipokufa mama nilikupigia mara kumi na moja, kaka. Mara hii sikupiga hata moja. Na si mimi peke yangu. Baba mwenyewe alisema, msimtoe kazini."

Mdogo wake akaendelea.

"Nikwambie jingine? Daktari alimkataza uwanja tangu mwanzo wa ligi. Moyo. Tulimfichia viatu, akaenda na ndala. Alisema kijana wake ameweka dishi, anamtazama, asipomwona atapata wasiwasi. Kila mechi akirudi anauliza simu yake kama imeita."

"Nani alimwambia nina dishi?"

Mdogo wake alikwisha kukata. Mizani akageuka. Mkewe alikuwa analia bila sauti.

"Nilimpigia mimi," alisema. "Ile Jumapili picha iliposhika. Akafurahi kama mtoto. Akaniambia nisikwambie, anataka upige mwenyewe. Nikamwuliza hali, akasema mzima. Ningejua..."

"Ungejua ungefanya nini? Ulinambia mara ngapi?"

Alisema hivyo kwa ukali, kana kwamba anamlaumu, kisha akaketi.

Kesho yake hakuomba ruhusa kwa meneja. Aliacha ufunguo wa kibanda kwa mlinzi, akapanda basi. Siku ya pili alifika. Mdogo wake alimfungulia, akampa kiti cha sebuleni wanachokalishwa wageni, akamwuliza habari za safari. Akampeleka kaburini, akasimama nyuma hatua kumi, akimngoja kama dereva anavyongoja abiria. Mizani aliongea pale kwa muda mrefu. Upepo ulikuwa mkali, na mdogo wake hakusogea asikie.

Usiku mmoja alilala katika chumba cha baba yake. Simu ya mzee ilikuwa dirishani, imewekwa chaji, hakuna aliyekumbuka kuichomoa.

Asubuhi alipoaga alisema, "Nitakuwa napiga."

"Ukipenda," mdogo wake akajibu, akafunga geti. Kituo cha basi kilikuwa mbali, na Mizani alikwenda peke yake, begi begani.