Mstari wa Ishirini na Mbili

Mafundi wenzangu wa lifti wananiita Bwana Orodha, na sijawahi kuudhika. Nina karatasi yenye mistari ishirini na miwili: breki, kebo, milango, taa, kengele, mpaka mwisho. Kitu nikishakipima nakitia tiki, na habari yake imekwisha. Watu wa "moyo wangu unasita" wananichosha. Moyo kazi yake ni kusukuma damu.

Ndiyo maana nilicheka aliponipigia simu msimamizi wa jengo analokaa dada yangu. Lifti yao ilikuwa mpya, ina miezi minne tu, lakini hakuna aliyeipanda.

"Imekwama?" nikamuuliza.

"Haijakwama, fundi. Inakwenda vizuri kabisa. Watu ndio hawaendi nayo."

Kazi ile niliikubali mbio mbio, kwa sababu dada anakaa ghorofa ya sita. Alivunjika nyonga, akapasuliwa, akarudishwa nyumbani kwa machela kupitia ngazi, na kwa wiki sita hakushuka tena chini. Daktari alisema asipoanza mazoezi hospitalini mwezi huu, mguu utakakamaa na hatatembea tena. Nilimsihi apande lifti, akakataa katakata.

"Ukiipima wewe mwenyewe ukaniambia iko salama, nitapanda," alisema. "Kwa neno lako, si la mtu mwingine."

Nilianza kwa kuwahoji wapangaji. Kinyozi wa ghorofa ya tatu alisema anapunguza kitambi. Kitambi chenyewe sikukiona. Muuguzi wa ghorofa ya tano, aliyekuwa ametoka zamu macho yamemvimba kwa usingizi, alisema lifti inachelewa. Nikabonyeza kitufe mbele yake, mlango ukafunguka papo hapo. Akautazama, akacheka kidogo, akasema kumbe amesahau kununua sabuni, akageuka akatoka tena nje. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi aliniambia, uso mkavu, kwamba yeye anapenda tu ngazi.

Kila mmoja alikuwa na sababu, na hakuna sababu iliyofanana na nyingine. Niliona aibu kwa niaba yao. Unaamua kwanza, halafu ndio unahangaika kutafuta kwa nini, kama mtu anayepika baada ya wageni kuondoka.

Nikapima siku tatu. Breki safi, kebo safi. Nikapakia vyuma vya kupimia, uzito wa watu wanane, lifti ikapanda na kushuka mara kumi na moja bila hata kutikisika. Nikaongeza chuma kimoja, na taa nyekundu ya mzigo kuzidi ikawaka juu ya mlango. Lifti ikagoma kuondoka, milango wazi, kama inavyotakiwa. Nikakitoa kile chuma, taa ikazimika. Nikajaza tiki mistari yote, nikatia sahihi.

Asubuhi ya siku ya nne nikapanda kumchukua dada. Nilimkuta amekaa kando ya mlango wake, viatu vinang'aa kama anakwenda harusini. Nilifurahi mpaka nikataka kulia.

"Una hakika, mdogo wangu?"

"Nimeipima mwenyewe, dada. Karatasi hii hapa."

"Mambo ya karatasi siyajui. Nakuuliza wewe."

"Nina hakika."

Nikabonyeza kitufe, mlango wa lifti ukafunguka. Ndani kulikuwa na mwanga mzuri, kioo kisafi, harufu ya rangi mpya. Akaingia pole pole na mkongojo wake, akageuka kunitazama.

"Mbona huingii?"

"Wewe tangulia. Mimi nashuka kwa ngazi, nikakufungulie mlango chini."

Maneno yalitoka yenyewe, laini kabisa, na yalikuwa ya kijinga. Mlango wa lifti unajifungua wenyewe. Dada alinikazia macho.

"Kwani wewe uliipanda lini?"

Nikafungua mdomo nimjibu kwamba mara kumi na moja. Hapo nikakumbuka vyuma. Vyuma ndivyo vilivyopanda. Mimi siku zote tatu nilibonyeza kitufe nikiwa nje, kisha nikakimbilia ngazi mpaka chumba cha mtambo, na kila safari nilikuwa na sababu yangu: kusikiliza mota, kuangalia kebo, kunyoosha miguu. Nikaitazama karatasi. Mstari wa ishirini na mbili ulisema fundi apande mwenyewe kutoka chini hadi juu. Palikuwa na tiki, na mkono ni wangu. Sikukumbuka kuitia.

Ingia, nikajiambia. Ni hatua moja tu, na kila kitu umekipima. Mguu haukwenda.

Milango ikaanza kujifunga. Mkono wangu ulipita katikati kabla sijaamua lolote, nikamkamata dada kiunoni nikamvuta nje. Mkongojo ukabaki ndani.

"Umeingiwa na nini, wewe?"

"Panda mgongoni."

"Na uzito huu wote?"

"Panda, dada. Nakuomba."

Tukaanza kushuka. Alikuwa akinipumulia shingoni. Tulipofika ghorofa ya tatu tukaisikia lifti ikitupita nyuma ya ukuta kwenda chini, kebo zikilia namna ambayo hazikulia hata kwa vyuma. Kinyozi alikuwa anapanda, taulo begani. Alijibana ukutani kutupisha, na hakuniangalia usoni.

Chini tuliikuta imeshafika, milango wazi. Mkongojo wa dada ulikuwa umelala sakafuni, na hakukuwa na kitu kingine ndani. Taa nyekundu ya mzigo kuzidi ilikuwa inawaka.

Niliogopa kama mtoto mdogo. Hapo hapo kichwa kikaanza kazi yake: waya umegusana, swichi imeingia unyevu, springi imelegea. Nilikuwa na sababu tano kabla sijavuta pumzi.

"Mdogo wangu," dada akaninong'oneza sikioni, "huo mkongojo uache. Twende zetu."

Tukiwa bado tunaitazama, taa ikazimika, kama ilivyozimika siku ile nilipotoa chuma kimoja.

Nikamkaza dada mgongoni, nikatoka naye nje bila kugeuka nyuma.