Matangazo ya Semeni

"Tunawatangazia kwa masikitiko kwamba wadudu wa maharage ya jana wamekutwa wakiwa hai. Mazungumzo kati yao na mpishi yanaendelea."

Hosiana wa klabu ya kompyuta aliusoma mstari huo kwenye kompyuta ya shule, akacheka, kisha akakumbuka kwamba aliyeuandika walimzika kijijini Kinole Jumamosi, mvua ikiwamwagikia.

Semeni alijiteua mwenyewe kuwa msemaji wa bweni, cheo ambacho shule haikuwa nacho. Aliandika katika kurasa za pamoja za klabu ya kompyuta, zile zinazoitwa wiki, ambako kila mwanachama huandika na kurekebisha. Ukurasa uliowekewa alama ya "Hadharani" ulijitokeza wenyewe kwenye tovuti ya shule. Alama hiyo Semeni aliiweka bila kumwomba mtu ruhusa.

"Futa upuuzi huu," alisema Madam Doreen, makamu mkuu wa shule. "Mama yake anakuja kuchukua vitu vyake. Unataka akute wadudu?"

Hosiana akafuta. Akaandika kwamba marehemu alikuwa binti mpole, mtiifu, mwenye nidhamu ya hali ya juu. Tovuti nayo ikabadilika papo hapo. Yalikuwa maneno safi kama shuka la mgeni, na hapakuwa na mtu ndani yake.

Kesho yake Mama Semeni aliingia ofisini kwa Madam Doreen simu ikiwa mkononi.

"Shikamoo, mama," Hosiana alisema.

"Marahaba. Nimefungua hapa nikamkuta mtu simjui. Mpole? Semeni wangu? Aliyemfungia mjomba wake chooni siku ya harusi?"

"Kumbe ulikuwa unayasoma, mama?"

"Hata tulipotoka kumzika nilisoma. Sasa mmemwondoa na huku?"

Madam Doreen alitazama dirishani. "Inaweza kurudishwa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Kurasa zile hutunza kila kilichowahi kuandikwa. Hosiana alirudisha maneno ya Semeni. Wadudu wakafufuka, mazungumzo na mpishi yakaendelea. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, na hakuna aliyejua kicheko kiligeuka kilio saa ngapi.

"Kuna moja halijatoka," Hosiana alisema. "Lina kichwa tu: Tangazo la Kufungua Shule. Hakulimaliza."

Madam Doreen akavuta kiti karibu.

"Liweke hadharani," alisema.

Hosiana akaweka alama. Mama akaikodolea macho simu yake mpaka kichwa kile kikatokea, na chini yake weupe mtupu. Akakisoma. Kisha akaendelea kushusha ukurasa kwa kidole, polepole.