Bega la Kushoto la Mwalimu

Mwalimu wa hisabati alianza kuumwa bega la kulia mwezi wa mitihani. Miaka kumi na tisa ya kuandika ubaoni ilikuwa imejikusanya kwenye msuli mmoja, ukakaza kama kamba ya kuanikia nguo. Nywele akawa anachanwa na mama mkwe wake. Ubaoni akahamia mkono wa kushoto, na tarakimu zake zikawa kama kuku kachakura.

Daktari alimbonyeza begani, Mwalimu akaruka. "Vidonge umemeza vya kutosha," daktari akasema. "Hapa ni kukandwa tu, mara kumi. Bima yako inalipia, ila wakupe kibali kwanza." Akajaza fomu. Pembeni palikuwa na mchoro wa mtu. Akautia alama ya X begani.

Kibali kilitoka baada ya wiki tatu. Kilisema: kukandwa mara kumi, bega la kushoto.

Mwalimu akaenda mbio ofisi ya bima. Karani wa dirisha la tatu alikuwa mtu mpole aliyepanga mihuri yake kwa urefu.

"Kaka, mmekosea. Mimi naumwa la kulia."

Karani akaitoa fomu ya daktari. "Alama iko upande gani wa karatasi, dada?"

"Kushoto. Lakini huyu mtu ametutazama! Kushoto kwetu ni kulia kwake."

Karani akamchunguza yule mtu wa mchoro, ambaye hakuwa na macho wala pua. "Una uhakika gani? Huenda ametupa mgongo."

Mwalimu wa hisabati, aliyezoea kudai uthibitisho kwa wengine, aliigeuza fomu akitafuta pua.

"Basi rekebisheni."

"Marekebisho ni siku tisini, na kibali kinasimama. Hatuwezi kukanda bega lenye utata." Karani akashusha sauti. "Ningekuwa wewe, dada yangu, ningeumwa la kushoto."

Nyumbani alimsimulia mama mkwe huku machozi yakimlengalenga. "Nenda tu, mwanangu," mama mkwe akasema, kitana mkononi. "Wakande hilo la kushoto. Labda mwenzake akisikia naye atalegea."

Maji yalikuwa yamemfika shingoni, akaenda.

Mkandaji alikuwa mwanamke wa mikono minene, aliyeanza kwa kukanda unga kwenye kiwanda cha mikate kabla ya kupandishwa cheo, kama alivyopenda kusema, hadi kwa binadamu. Chumbani mwake alikuwamo pia mkaguzi wa bima, na ubao wa kuandikia kifuani. Watu, alieleza, wamekuwa wakikandwa sehemu zisizo na kibali.

Mwalimu akaeleza yaliyomsibu. Mkandaji akasoma kibali, akakigeuza nyuma, akakisoma tena.

"Kimesema kushoto," akasema. "Hakikusema kushoto kwa nani."

Akamkalisha Mwalimu kwenye kigoda, akasimama mbele yake uso kwa uso, akanyoosha mkono wake wa kushoto moja kwa moja. Ukatua kwenye bega la kulia la Mwalimu.

"Hili hapa la kushoto."

"Mbona mimi naliona la kulia?" akauliza mkaguzi, aliyesimama nyuma ya kigoda.

"Umesimama vibaya, baba. Njoo huku."

Mkaguzi akazunguka, akasimama kando ya mkandaji, akainua mkono mmoja, akauteremsha, akainua mwingine. "Ni kweli," akasema, akaandika.

Shida ni kwamba bega hukandwa vizuri kwa nyuma. Kila mara mkandaji alipojaribu kuzunguka, mkaguzi alipiga kelele: "Simama! Umeingia la kulia!" Basi mara zote kumi alikanda kwa mbele, akijinyoosha kama mtu anayetafuta sufuria juu ya kabati, na pua ya Mwalimu ikiwa imezama kwenye aproni yake. Mara ya nne kitu kikalia *ko!* ndani ya bega. Mwalimu akatoa mlio, kisha akaanza kulia, na alipoulizwa kama ameumia alitikisa kichwa, akalizungusha bega. Mkaguzi akampa kitambaa chake. Hilo hakuliandika.

Mara ya kumi Mwalimu aliinua mkono hadi juu kabisa, akauacha huko, akicheka peke yake.

Mwezi uliofuata bima ilimletea dodoso. *Je, bega lako la kushoto bado linauma?* Mwalimu hakuwahi kudanganya kwenye karatasi. Akaandika: *Hapana. Halijawahi kuniuma hata siku moja.*

Jibu lilikuja haraka kuliko kibali. Bima ilimpongeza. Katika historia ya ofisi hiyo, barua ilisema, hakuna tiba nyingine iliyowahi kuondoa maumivu ya sasa pamoja na ya zamani. Jibu lake limebandikwa ukutani, dirisha la tatu.

Mama mkwe alisikiliza barua ikisomwa hadi mwisho, akanyoosha miguu yake mkekani.

"Na mimi goti linanisumbua," akasema. "Hebu waulize, wao wanataka lipi?"