Mashine Kwangu, Kaseti Kwake

Mimi sina ugomvi na siasa. Vyama viwe vingi, watu wapige kura mpaka wino ukauke. Ugomvi wangu ni Mniko.

Kabla ya Mniko, Jumapili mchana ilikuwa yangu. Mwalimu Alfonsi akitoka kanisani alipitia Mwigobero kununua dagaa, kisha akaja kwangu Kigera na shati lake la misa. Mimi ni fundi redio. Nilikuwa nimepata kompyuta ndogo kutoka Nairobi, ile ya kibao cha herufi tu, isiyo na kioo. Unaichomeka kwenye televisheni, na kazi yako unaihifadhi kwenye kaseti ya kawaida, kama ya muziki. Zamani kuingiza kitu cha namna hiyo nchini kulikuwa marufuku. Ruksa ilipokuja nikawa nacho, na Musoma nzima aliyenielewa ni mwalimu huyu mmoja wa hesabu, mtu wa Butiama.

Tukatunga mchezo. Mitumbwi miwili inagombania sangara, mwekundu wangu na mweupe wake. Umeme ulikatika tukaanza upya, ukakatika tena, tukautukana pamoja. Mchezo ulipokamilika tulikubaliana: mashine kwangu, kaseti kwake, asiwepo wa kucheza peke yake. Tukavunja na kile kijino cha mgongoni mwa kaseti ili mtu asirekodi juu yake.

Ikaja tisini na tano, Alfonsi akajitosa kugombea udiwani.

"Haibadilishi kitu, Rashidi," aliniambia. "Siku zingine za wananchi, Jumapili ya mitumbwi."

Jumapili iliyofuata alikuja na Mniko, mfanyabiashara wa mbao kutoka Bunda aliyekuwa akimwendeshea kampeni. Mniko akakalia kiti changu bila kukaribishwa, akatazama televisheni.

"Hii ndiyo mnachezeaga, mura? Watu wazima?"

Alfonsi akacheka. Ningemsamehe Mniko, lakini Alfonsi alicheka! Akaondoka mapema kumsindikiza mwenzake, akasahau hata kuzima mashine. Aliirudia kaseti jioni, amesimama mlangoni tu.

Baada ya hapo Jumapili zikaanza kupungua, mwisho zikakoma. Nikikutana naye njiani, habari ni zilezile: Mniko anasema, Mniko ameona, twende tukamsikie Mniko. Mtu asiyejua tofauti ya waya na kamba! Niliona wivu, sifichi. Nilikuwa nikisikia gari la kampeni likipita barabarani, nanyanyuka kuchungulia kama Alfonsi amekaa mbele na Mniko, na kila mara amekaa mbele na Mniko.

"Baba Siwema," mke wangu Shani alinitania, "ungekuwa mke mwenza tungekuelewa."

Nikamwambia akaangalie sufuria yake.

Walipokuja kuniomba spika za mkutano wa kufunga kampeni, nilikubali kabla hawajamaliza sentensi. Nilitaka kuwa karibu naye, na nilitaka Mniko aone nani mwenye kazi.

Uwanja ulijaa. Mniko akanipa kaseti ya wimbo wa kwaya, nikaipiga. Wimbo ulikuwa mzuri, watu wakacheza. Ulipokwisha, kabla sijaizima, spika zikatoa ukelele mwembamba unaokwaruza masikio. Akina mama wakaziba masikio, vijana wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Ukelele ule naujua: ndivyo programu inavyosikika ikipigwa kama muziki. Nikaitoa kaseti. Kwenye tundu la kijino tulichovunja kulikuwa na karatasi iliyosokotwa, na chini ya lebo ya kwaya nikasoma mwandiko wangu mwenyewe: Mitumbwi. Wimbo ulikuwa umeufuta mchezo wetu, ukabakiza mkia.

Nikamshika Mniko mkono. "Nani kakuruhusu kurekodi humu?"

"Niache, mura! Ni Alfonsi mwenyewe. Tulikosa kaseti, akatoa hiyo, akaziba tundu kwa mkono wake. Alisema haina kitu."

Jukwaani Alfonsi alikuwa ameshika maikrofoni. Ukelele ule aliujua kama nilivyoujua mimi, nao haukumtoa hata jasho.

"Mtuwie radhi, wananchi," akasema akitabasamu. "Ni mitambo ya fundi wetu."

Fundi wetu! Uwanja mzima ukanigeukia, ukanicheka.

Kura zikapigwa, akashindwa vibaya. Mniko akarudi kwenye mbao zake Bunda. Na Jumapili moja mchana, hodi: Alfonsi, shati la misa, mkononi sato wawili kwenye uzi. Akakaa kwenye kiti chake kama vile alikuwa amekwenda uani tu. Shani akamletea chai.

"Nilikukosea, Rashidi," akasema. "Najua. Ila wewe ni fundi, unawekaga kopi ya kila kitu. Niambie ipo."

Nilitaka kumwambia. Mungu anajua nilivyotaka.

"Ile kaseti haikuwa na kitu, mwalimu," nikamjibu.

Akamaliza chai polepole, akaacha samaki mezani, akaenda zake.

Kopi ipo. Niliirekodi siku ileile alipomsindikiza Mniko, mchezo ukiwa bado kwenye mashine, nikaificha kwenye droo ya cherehani ya Shani. Sasa kila Jumapili naitoa. Mtumbwi mwekundu unaingia ziwani. Mweupe unabaki ufukoni ukingoja mwenyewe aubonyezee, basi naubonyezea mimi kwa mkono wa kushoto, polepole, ili wangu ushinde.