Ukurasa Mweupe wa Kliniki ya Macho

Ofisini walimwita Kidole. Jina hilo alilipata kwa tabia yake ya kuijaribu kila tovuti kwa kidole gumba kimoja, amesimama, mkono wa pili umebeba mkoba, kama mtu anayepenya katikati ya watu sokoni. Wenzake walifanya kazi wameketi mbele ya skrini pana zinazong'aa. Yeye alisema hajawahi kumwona mtu anayetembea na meza mfukoni. Kampuni yao ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kila lori liliposhusha mabati huko chini, vikombe vya chai vilicheza juu ya meza.

Kazi iliyoleta balaa ilikuwa tovuti ya kliniki ya macho ya hospitali kubwa. Hospitali ilitaka wagonjwa waache kudamkia foleni, wawe wanaweka miadi mtandaoni. Wazo lenyewe halikuwa baya. Kidole alilipenda, akalifanyia kazi kwa moyo wote. Ukurasa alioutengeneza ulikuwa mweupe mtupu, maandishi meusi makubwa, na kitufe kimoja kipana katikati: WEKA MIADI. Ulifunguka kabla hujapepesa jicho, hata kwenye simu kongwe yenye kioo kilichopasuka.

Bosi aliutazama, akauma mdomo.

"Huu ni ukurasa au tangazo la msiba?"

"Ni mlango, bosi. Mgonjwa anaingia, anaweka miadi, anatoka."

"Mkurugenzi wa hospitali anataka watu waone jengo jipya. Anataka video. Anataka picha yake na neno la kuwakaribisha wageni."

"Ni kliniki ya macho, bosi. Wanaoingia humu hawaoni vizuri. Tena wanaingia kwa simu, hawana ukumbi wa sinema."

"Mwenye tovuti ni yeye. Si wagonjwa."

Kidole akaufunga mkoba wake. Akasema kama ni hivyo yeye hamo, wamtafute mwingine. Bosi hakubembeleza. Kazi ikapewa kijana wa meza ya dirishani, na mwisho wa mwezi tovuti ikazinduliwa kwenye ukumbi wa hospitali, juu ya skrini iliyojaa ukuta. Jengo jipya likapita mbele ya wageni likiwa limepigwa picha kutoka angani, muziki ukapanda, watu wakapiga makofi.

Kidole hakwenda. Aliifungua tovuti kwa simu yake, amesimama kwenye korido ya ofisi. Video ikazunguka pale pale, ikazunguka tena, ikala bando. Ikaja picha ya mkurugenzi, ikajaza kioo chote kuanzia paji la uso hadi fundo la tai. Maandishi yalikuwa kama sisimizi waliotawanywa. Kitufe cha miadi kilikuwa huko chini kabisa, nusu yake imefunikwa na kiboksi kilichosema "Karibu sana", na alama ya kukifungia kiboksi hicho ilikuwa imetoka nje ya kioo, haishikiki. Kidole akacheka peke yake, kicheko cha hasira. Akairudisha simu mkobani, akaendelea na kazi zake. Alijiona amekwisha nawa mikono.

Nyumbani aliishi na mama mkwe wake. Mume wa Kidole alikuwa fundi wa minara ya simu, leo yuko mlima huu, kesho ule, kwa hiyo nyumba ilibaki ya wanawake wawili waliokuwa wakiheshimiana kwa tahadhari. Mama mkwe alikuwa refa wa netiboli miaka mingi. Filimbi alishaiweka kabatini, lakini sauti alibaki nayo. Sasa mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, mpaka watu aliwaona kama moshi unaosalimia. Daktari alishamwambia dawa yake ni upasuaji, akachukue tarehe.

Jioni moja alirudi kutoka kliniki ile ile ya macho, akatupa pochi kwenye kiti.

"Dirisha la miadi limefungwa! Eti niende mtandaoni. Nimewauliza, mtandaoni ni mtaa gani?"

Alikuwa anakejeli tu. Simu aliijua vizuri. Ndiyo aliyowatumia wajukuu vichekesho, na ndiyo iliyomgombanisha na nusu ya kikundi cha ukoo. Alikaa mezani, akaisogeza mpaka ikagusa pua, akaanza kuhangaika. Kidole alikuwa akimenya vitunguu, akimtupia jicho.

"Mkaza mwana, hebu njoo. Huyu mwanamume aliyejaa humu ni nani?"

"Ni mkurugenzi, mama."

"Mwambie asogee. Nataka kupita."

Kidole akafuta mikono. "Nipe, mama. Kesho nitakuwekea ofisini kwenye kompyuta, mara moja tu."

Mama mkwe akaivuta simu, akaikumbatia kifuani.

"Na yule mama niliyekaa naye benchi moja leo? Machozi yanamtoka hovyo, nimemgusa kola ya gauni imelowa. Naye atawekewa na mkwe gani?"

"Mama, mimi nakufikiria wewe."

"Nimechezesha mechi maisha yangu yote. Bao la mtu mwenye ndugu kwenye kamati sijawahi kulikubali, sianzi leo. Nani ametengeneza uchafu huu?"

Kidole akaangalia meza. "Kampuni yetu."

"Wewe?"

"Mimi nilikataa."

"Ulikataa," mama mkwe akarudia polepole. "Ukakataa, halafu ukafanya nini?"

 Kidole alirudi kwenye vitunguu, na safari hii machozi yalipomtoka hakuwa na hakika yanatoka wapi.

Asubuhi alimshika mama mkwe mkono, wakaenda kliniki pamoja. Ndani mabenchi yalikuwa wazi, sakafu imepigwa deki inameremeta. Nje, kando ya ukuta, watu walikuwa wamejipanga kila mmoja na simu yake puani, wakisugua vioo kama wanaopangusa vumbi. Mzee mmoja alikuwa akiomba kila anayepita amsomee. Sista mkuu wa kliniki, mwanamke mpana mwenye uchovu wa kudumu, alitoka akasimama mlangoni.

"Tangu wazindue huo mtambo wao, chumba cha upasuaji kinashinda kitupu," alisema Kidole alipomuuliza. "Nimepiga kelele. Nimejibiwa wagonjwa ni wazembe, hawapendi mabadiliko."

"Sista, ukipata ukurasa unaofanya kazi, utausimamia?"

Sista akampima kwa macho kuanzia juu hadi chini. "Mwanangu, mimi nikishika kitu, wataning'oa nacho."

Kidole akaenda kazini. Matengenezo ya tovuti zote za kampuni bado yalikuwa chini yake, funguo alikuwa nazo. Angeweza kusubiri wenzake watoke kula, abadilishe kimya kimya, kisha ashangae pamoja nao. Hakutaka. Mchana kweupe, ofisi imejaa, aliuvuta ule ukurasa mweupe kutoka alikouhifadhi, akauweka mbele. Video na mkurugenzi hakuwafuta. Aliwapeleka chini, penye maneno "Kuhusu hospitali", anayewataka awafuate huko. Akaujaribu kwa kidole gumba, amesimama. Kisha akawaandikia bosi na hospitali kueleza alichofanya na sababu yake, akaweka jina lake na namba yake ya simu. Akageukia wenzake.

"Jamani, ukurasa wa kliniki ya macho nimeubadilisha. Ni mimi. Asiulizwe mtu mwingine."

Huko chini mabati yakaporomoka, vikombe vikacheza juu ya meza. Mlango wa bosi ukafunguka.

"Rudisha."

"Sirudishi."

"Nani amekupa ruhusa?"

"Hakuna. Nimeandika hivyo kwenye ujumbe."

"Unajua nitakufukuza?"

"Najua."

"Unataka kujifanya shujaa!"

"Bosi, ningetaka kukaa kimya ningekaa. Lakini nyumbani nina mtu ameniuliza swali, na sili chakula kikashuka."

Alifukuzwa saa ile ile. Alichukua kikombe chake na sweta, akashuka ngazi. Bosi mwenyewe aliirudisha tovuti ya sherehe jioni. Lakini kati ya mchana na jioni wagonjwa walikuwa wameshaingia. Mmoja alimpigia mwenzake, mwenzake akampigia dada yake, na Sista alikuwa ameangalia tarehe zikijaa mbele yake kama mvua ndani ya ndoo.

Kesho yake, watu wa ukutani walipofungua simu na kumkuta mkurugenzi amerudi, hawakunung'unika kama zamani. Jana wenzao walikuwa wamepita. Mama mkwe, aliyeng'ang'ania kuletwa tena, alipanda ngazi ya kwanza ya mlango huku mkaza mwana wake amemshika kiuno asianguke.

"Jana iliwezekana!" akapaza ile sauti ya uwanjani. "Kwa nini leo haiwezekani? Tuingie ndani, tukae, mpaka iwezekane!"

Wakaingia. Wakajaza mabenchi, wakajaza korido, wakakaa kwenye ngazi za kwenda ofisi za juu. Mlinzi alimtazama Sista. Sista akakunja mikono. "Hawa ni wagonjwa wangu. Wamekuja kuweka miadi. Unataka kumtoa nani?"

Mtu mmoja akainua simu yenye ile picha, akasema kwa utani, "Mheshimiwa, sogea tupite!" Watu wakacheka, wakaidaka. Muda si muda korido nzima inaimba sogea tupite, sogea tupite, simu zimeinuliwa juu, na kwenye kila simu uso ule ule unatabasamu. Mkurugenzi alipofungua mlango huko juu alijikuta anajitazama mara mia. Hakuuliza maana ya wimbo. Alirudi ndani, akampigia bosi wa Kidole.

Haikupita muda simu ya Kidole ikaita.

"Wanautaka ule ukurasa wako," alisema bosi, sauti imekauka. "Njoo. Kazi yako ipo. Ila utasimama mbele ya wenzako useme umekosea, uombe radhi."

Kidole alimtazama mama mkwe, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi akipepewa na mwanamke mwenye kola iliyolowa.

"Bosi, kuurudisha ukurasa nitakuelekeza sasa hivi, hapa hapa kwenye simu, maana watu wanasubiri. Radhi sina."

"Huna kazi, basi."

"Haya. Fungua kompyuta. Uko tayari?"

Akamwelekeza hatua kwa hatua, kwa upole kabisa, huku vifijo vikianza upande mmoja wa korido na kusambaa kadiri simu zilivyofunguka nyeupe, moja baada ya nyingine.

Miezi iliyofuata haikuwa myepesi. Kampuni mbili zilizomjua zilimwambia anafaa sana lakini ana kichwa kigumu. Mumewe alifoka kutoka mlimani mpaka mama yake akamnyang'anya Kidole simu, akamkatia. Taratibu kazi ndogo ndogo zikaanza kuja. Sista alimpeleka wodi ya wazazi, wodi ya wazazi ikamtaja kwingine. Meza ya jikoni ikawa ofisi.

Miadi yake mama mkwe aliiweka mwenyewe. Alikosea siku, akarudia, akakosea tena, akafukuza kila mkono uliotaka kumsaidia, mpaka tarehe ikakubali. Siku ya kufunguliwa bandeji, Kidole alikuwa amekaa mbele yake. Mama mkwe alipepesa, akatulia, akamkazia macho kwa muda mrefu.

"Kumbe una mvi."

"Umenipa wewe, mama."

"Zinakupendeza," alisema refa, na hakuna rufaa.

Walirudi kwa miguu kwa sababu mama mkwe alikataa kupanda kitu chochote. Njia nzima alisoma kwa sauti: vibao vya maduka, matangazo ya vyumba vya kupangisha, namba za pikipiki, onyo la mbwa mkali. Palipokosewa herufi alisimama, akagonga mlango wa mwenye kibao, akamwambia arekebishe.