Kompyuta ya Maombi ya Jumatano

Ibada ilikuwa imekwisha, watu wanasalimiana mlangoni, Lazaro akamshika Alinanuswe mkono kwa furaha.

"Mama Anyitike, hongera! Naona kompyuta yetu haikai bure. Jumanne ilikuwa Makandana, Alhamisi mkaipeleka Suma."

"Ndaga, asante, mwanangu," alijibu Alinanuswe, akicheka naye. Alikuwa ameshashuka ngazi mbili ndipo kicheko kikamkauka. Kule Suma alikwenda peke yake kumjulia hali dada yake, na kompyuta ilikuwa ndani ya kikapu, imefunikwa kitenge. Aliiwasha mara moja tu, akaiunganisha na simu ili mgonjwa asikilize nyimbo za kwaya.

Akageuka. "Wewe umejuaje habari za Suma?"

"Si inajitokeza kwenye mashine yangu ofisini! Kompyuta zote za kampuni ziko hivyo. Hata ikiibiwa tunaipata. Usiwe na wasiwasi, mama."

Wasiwasi ulianzia hapo hapo.

Alinanuswe alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mkulima wa ndizi na chai, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mtunza maombi wa kikundi cha akina mama. Kila Jumatano, mwenye mzigo aliuandika kwenye karatasi na kumkabidhi yeye. Yeye aliusoma mbele ya wenzake bila kutaja jina. Jina lilibaki kwenye daftari lake, ili ajue nani wa kwenda kumtazama, na mwisho wa mwaka daftari lilichomwa moto. Lakini ukungu wa Rungwe ulikuwa unayala madaftari kabla mwaka haujaisha, ndipo kamati ya kanisa ikaamua ipatikane kompyuta. Lazaro, fundi wa kompyuta katika kampuni moja ya chai, akajitolea moja iliyoondolewa ofisini kwao, nyembamba, inang'aa kama sahani mpya. Alinanuswe akapewa wiki mbili aijaribu. Jumamosi inayokuja alitakiwa aseme kama inafaa.

Na yeye aliijaribu kwa moyo wote. Jioni alikuwa akisoma darasa la watu wazima Makandana, anachapa kwa vidole viwili. Mwalimu alimwambia ajizoeze kwa maneno anayoyafahamu. Maneno aliyoyafahamu yalikuwa ya kwenye daftari. Akachapa ukurasa mzima wa maombi, na majina ya wenyewe.

Wa tatu kutoka juu alikuwa Hellen, mke wa Lazaro. Hellen aliomba aombewe kwa ajili ya Tulia, msichana wa miaka tisa aliyekuwa akilelewa na mama yake Hellen kule Nkunga. Watu wote, Lazaro akiwemo, walimjua Tulia kama mdogo wake Hellen. Karatasi ilisema ni mwanawe wa kumzaa.

Jumatatu jioni Alinanuswe alifika darasani kabla ya wenzake wote. "Mwalimu, nifutie kila kitu kilichomo humu. Usibakize hata nukta."

Mwalimu Fulgence, mtu wa Bukoba aliyeletwa na ajira, hakuuliza sana. Alifuta, akapanga upya, ikawa tupu. Kesho yake asubuhi Alinanuswe alichuma chai akiimba. Jioni Fulgence akaiunganisha na mtandao aone kama iko sawa. Hata nusu saa haikupita, kwenye pembe ya kioo ikatokea alama ya kampuni, jani la kijani, palepale lilipokuwa.

"Si uliifuta jana mbele yangu?"

"Niliifuta, mama." Fulgence alikuna kichwa. "Sikiliza. Kuna programu moja imekaa ndani kabisa ya mashine. Inaamka kabla ya nyingine zote, ndiyo inayoziamsha. Mimi nilifuta hizo za juu. Ya chini imefungwa, hatuwezi kusoma kilichoandikwa mle wala kukitoa. Tukifuta, inamrudisha yule mlinzi wa kampuni."

"Na mlinzi huyo anaweza kusoma nilichochapa?"

"Mwenye ruhusa kule ofisini anaweza kuvuta mafaili. Kama ameyavuta, sijui. Nikisema najua nitakuwa nakudanganya."

Kisha akatoa kabatini kompyuta nyingine, nyeusi, nene, herufi za kibodi zimefutika nusu. "Hii naweza kuwaachia. Programu yake ya kuwashia iko wazi. Walioiandika wameianika, kila mwenye ujuzi anaisoma. Niliiweka mwenyewe, nusura niiue mashine. Na kifaa cha wi-fi nimekichomoa."

"Wewe umeisoma yote?"

Fulgence akacheka. "Yote? Hapana, mama. Lakini wameisoma wengi, na hakuna anayekatazwa."

Siku mbili Alinanuswe hakukaa mahali. Aliunguza maharage. Alikwenda shambani bila jembe, akarudi, akasahau alichofuata. Akipiga magoti alisema "Baba", kisha akanyamaza, maana kila alipoanza kuomba alijua tayari anapotakiwa kwenda, na hakutaka kwenda.

Alhamisi akaenda. Hellen alikuwa uani, anamenya ndizi. Alinanuswe alimweleza yote akiwa amesimama, hata kigoda alichopewa hakukikalia.

Kisu kilisimama. "Ameisoma?"

"Sijui, mwanangu."

"Usiniambie hujui!" Hellen alishusha sauti, akatazama dirishani. "Mimi nilimwambia Mungu, mama, nikapitia kwako. Mashine niliiambia lini? Jana kanichekea mezani. Sasa kicheko kile nikiweke wapi? Kila akinitazama nitajiuliza."

"Nimekukosea. Sikujua, lakini nimekukosea."

"Jumamosi ikatae hiyo mashine. Na jina langu lisikutoke."

"Halitatoka."

Jumamosi kamati ilikaa kwenye chumba nyuma ya kanisa, kompyuta mbili mezani. Hellen alikuwa miongoni mwa akina mama waliokuwa wakipitisha chai. Mzee Ambindwile, mwenyekiti, aliigonga ile nyeusi kwa kidole.

"Hii ni kompyuta au pasi ya mkaa?"

Watu wakacheka. Alinanuswe hakucheka. "Ndiyo ninayoichagua, mzee."

"Unaacha mpya ya bure unachukua hii? Mama Anyitike, darasa la jioni limekuzidi!"

Lazaro alikunja uso. "Mama, nimekosa nini? Nimeleta kwa moyo mweupe."

"Najua, mwanangu. Aliyekosa ni mimi." "Nilichapa humo maombi ya watu, na majina yao, kabla sijajua mashine inaripoti kwa nani. Mwalimu ameifuta, ofisi yenu imerudi yenyewe. Watu waliniamini mimi, hawakuiamini kampuni. Nikiwekewa kitu kinachomtii mtu mwingine, kazi hii siiwezi. Na mkiona nivuliwe, nivueni."

Macho ya kamati yakamgeukia Lazaro.

"Mimi sijafungua faili la mtu yeyote," alisema Lazaro.

"Lakini ungeweza?" aliuliza Mzee Ambindwile.

Lazaro aliitazama ile mashine. "Ningeweza."

"Majina ya nani hayo?"

"Hilo sitalisema, mzee," Alinanuswe alijibu. "Hata kwako."

Birika lilitua mezani kwa kishindo. Hellen alikuwa amelitua, anajifuta mikono kwenye kitenge, anajifuta tena ingawa ilikuwa mikavu. "Lazaro," alisema, "chukua kompyuta yako twende. Nina neno la kukwambia, na nataka ulisikie kwangu."

Hakuna aliyeinua kikombe. Lazaro alimtazama mkewe, akamtazama Alinanuswe, akaibeba mashine yake. Wakatoka.

Mzee Ambindwile aliendelea na ajenda ya paa. Alinanuswe hakusikia hata neno. Dirishani aliwaona wawili wale wamesimama langoni, manyunyu yameanza kushuka. Hellen alikuwa anazungumza, mkono mmoja kifuani. Lazaro aliinama kidogo ili asikie vizuri. Mvua ilikolea, ikamlowesha mabega, ikailowesha ile kompyuta inayong'aa aliyoibana kwapani, naye hakuihamisha. Alibaki ameinama, akisikiliza.