Huenda Anasikia

Bosi wa biashara ya makombe ya baharini aliletwa zahanati kabebwa juu juu kama gunia, mdomo wazi, kope zimelala. Mkewe alimfuata na kiatu kimoja mguuni, akieleza kwamba ni konokono, konokono wa baharini tu, mumewe alimshika amwonyeshe mteja gamba lake, akamchoma kiganjani.

Muuguzi alimtambua mara moja. Kaka yake alikuwa akimzamia huyuhuyu makombe, na alipokufa, bosi alisimama mazikoni akawaambia watu kijana kaponzwa na pombe. Pombe yenyewe kaka hakuwahi hata kuilamba. Lakini bosi kasema, nani abishe? Tangu hapo mama yao akawa anapita vichochoroni, kukwepa macho ya watu.

Daktari akamkabidhi muuguzi kile kifuko cha mpira cha kumpulizia mgonjwa hewa. Aminye, aachie, aminye, asiache hata kidogo mpaka gari la hospitali kubwa lifike. Mke akauliza dawa iko wapi. Daktari akasema dawa ya sumu hii hakuna, akamweleza taratibu: mishipa ya fahamu hupeleka ujumbe kwa kuingiza sodiamu, ileile iliyomo kwenye chumvi, kupitia vijimlango vidogo mno. Sumu ya konokono huja ikanasa mlangoni kama kizibo kwenye chupa. Sodiamu haipiti, ujumbe haufiki, kifua hakijui kwamba kinatakiwa kuvuta pumzi. Kizibo hutoka chenyewe, polepole. Akipuliziwa hewa mpaka hapo, atapona.

"Na akili zake?"

"Ziko palepale. Huenda anasikia kila kitu."

Daktari akatoka kupiga simu. Muuguzi akainama sikioni kwa mgonjwa.

"Shikamoo, bosi."

Akaminya kifuko, akaachia.

"Huitikii? Haya. Na kaka yangu alishindwa kuitika hivihivi, ukasema kalewa."

Akauacha mkono utulie juu ya kifuko. Kidogo tu. Akaitazama midomo ikigeuka zambarau, na raha aliyoisikia ikamtisha mwenyewe. Akaminya.

"Usihofu, sikuachi. Ukifa, nani atamsafishia kaka yangu jina? Utapumua kwa mkono wangu mpaka uuchukie."

Alipoinua kichwa, mke wa bosi alikuwa miguuni pa kitanda, kasikia yote. Akavuta kiti, akaketi.

Gari liliharibika njiani. Muuguzi aliminya mpaka vidole vikafa ganzi, na kila aliyetaka kumpokea alimkatalia. Alfajiri bosi akavuta pumzi yake mwenyewe.

Mchana chumba kikajaa wazamiaji wake na majirani. Mama wa muuguzi naye alikuja shingo upande, kaitwa na bintiye, akabaki mlangoni. Bosi, sauti imekauka, akawaambia wageni ni presha tu, ilipanda ghafla.

"Baba watoto," mkewe akasema, "waambie kilichokuuma. Na kilichomuua yule kijana. Au niseme mimi?"

Bosi akatazama ukuta. "Konokono."

"Na kaka yangu?" muuguzi akauliza.

"Konokono. Nilijua. Niliogopa wazamiaji wangenikimbia."

Wazamiaji wakatazamana. Mmoja akatoka bila kuaga, mwingine akamfuata.

"Mama yangu yuko kule mlangoni, hasikii vizuri," muuguzi akasema. "Rudia."

Akarudia.

"Bado. Pandisha sauti."